Mhasibu wetu anasema uhasibu ulianza Italia mwaka 1494. Basi kijiti cha bibi yangu ni nini?

#1 Sangara Mkavu

Wakuu, habari za mchana.

Nina stoo ya dagaa pale Kirumba Mwaloni. Tunapokea mzigo kutoka visiwani, tunachambua, tunapakia kwa wateja wa mikoani. Mwaka huu mdogo wangu ninayeshirikiana naye kaleta kijana mhasibu, kamaliza chuo juzi tu, cheti bado kinanuka wino. Kijana ana adabu, sina neno naye. Ila Ijumaa tulivurugana.

Iko hivi. Kwenye sanduku la marehemu bibi, mzaa mama, kuna kijiti. Urefu wake kama kiganja na nusu, kimeshikwashikwa hadi kinang'aa. Upande mmoja kimekatwakatwa kwa kisu na mikato imepangwa mafungu: saba, nafasi, tisa, nafasi, sita, nafasi, kumi na moja. Kwenye lile fungu lenye mikato sita, mkato mmoja ni mrefu, umezunguka mpaka upande wa pili. Bibi alikuwa anaanika dagaa Ukerewe na kuwakopesha wachuuzi. Kusoma hakujua.

Nikakipeleka stoo, nikamwambia kijana: haya, hesabu za kwanza za biashara hii ndizo hizi. Akacheka. Akasema hiyo ni kumbukumbu tu, uhasibu uliletwa na mtawa mmoja wa Italia mwaka 1494, kabla ya hapo dunia ilikuwa inakisia.

Ni kweli? Na huo mkato mrefu ni wa nini?

#2 Kijana wa Nyegezi

Nakaa siti ya mbele kabisa, na karanga nimeshanunua.

#3 CPA wa Mchongo

Mkuu, kijana wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, usimfukuze.

Huyo mtawa ni Luca Pacioli, Mfransisko. Alichapisha kitabu chake, Summa, mjini Venice mwaka 1494. Ni kitabu kinene cha hisabati, ila ndani kuna sehemu ya kumfundisha mfanyabiashara namna ya kutunza vitabu. Kitabu cha kwanza ni cha kumbukumbu, unaandika kila kinachotokea dukani kama kilivyotokea. Cha pili ni jarida, unapanga. Cha tatu ni leja. Kila muamala unaingia mara mbili, debiti huku na krediti kule, na mwisho pande zote ziwe sawa. Fungua leo programu yoyote ya hesabu ofisini, ukishatoa zile rangi na vitufe, chini yake unamkuta Pacioli kakaa.

Kijiti cha bibi hakina debiti wala krediti. Ni orodha. Nisamehe.

#4 Bandari Kusini

"Ni orodha. Nisamehe." Hahaha, msiba mwingine huu.

#5 Mzee wa Leja

CPA, umesema vizuri lakini kijana wa stoo amedanganywa mwaka. Pacioli mwenyewe hakudai kuwa kaanzisha kitu. Alisema anaeleza namna wanavyofanya watu wa Venice. Serikali ya mji wa Genoa ilikuwa na vitabu vya pande mbili mwaka 1340. Kabla yao kuna leja ya Farolfi, wafanyabiashara wa Florence waliokuwa na tawi kusini mwa Ufaransa, ya 1299 hadi 1300, nayo inaonyesha mfumo huohuo. Na mtu mmoja wa Dubrovnik, Benedetto Cotrugli, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1458, miaka 36 kabla ya Pacioli. Bahati mbaya yake kikakaa kwa mkono hadi 1573 ndipo kikachapwa. Pacioli alibebwa na mashine ya kuchapa.

Mimi nilikuwa karani wa ushirika wa pamba miaka ya themanini. Leja nimeibeba kwapani mvua ikinyesha. Nitarudi.

#6 Mama Karabai

Shikamoo Mzee wa Leja. Karibu urudi.

CPA, mimi nina mitumbwi miwili na sikwenda chuo. Hebu tueleze hiyo debiti kwa dagaa, siyo kwa Venice.

#7 CPA wa Mchongo

Mama, haya. Umempa mchuuzi gunia 10 kwa mali kauli, tuseme kila gunia 80,000. Siku hiyohiyo unaandika: Wadaiwa, debiti 800,000. Mauzo, krediti 800,000. Wiki ijayo analeta 500,000. Unaandika: Taslimu, debiti 500,000. Wadaiwa, krediti 500,000. Ukifungua ukurasa wa Wadaiwa unaona bado 300,000 iko kwake. Mwisho wa mwezi unajumlisha debiti zote za vitabu vyote, na krediti zote. Zikilingana, hiyo ndiyo urari. Zikikataa, kuna mahali umekosea, unaanza kutafuta na macho mekundu.

#8 Mama Karabai

Mbona hiyo nafanya? Daftari langu ni kurasa mbili mbili. Kushoto alichochukua, kulia alicholeta. Kila mtu na ukurasa wake, na aliyekufa nampigia mstari.

#9 CPA wa Mchongo

Hapo umefanya nusu, mama. Unajua nani anakudai na unamdai nani. Lakini wewe mwenyewe, biashara yenyewe, ina ukurasa wake? Mafuta ya karabai, nyavu zilizochanika, faida? Mfumo wa Waitaliano unaipa biashara ukurasa kama vile nayo ni mtu. Hapo ndipo ulipo ugunduzi, siyo kwenye kugawa karatasi kushoto na kulia.

#10 Mama Karabai

Faida naiona kwenye sufuria mwanangu.

#11 Bismarck Rock

Nimecheka kwa sauti ndani ya daladala ya Buhongwa, watu wananiangalia.

Ila wakuu tusisahau kwetu. Kuna mfupa wenye mikato kama ya kijiti cha bibi wa mleta uzi, uliokotwa Uganda kando ya Ziwa Victoria, una miaka elfu nane. Wazungu wanasema ndio hesabu za kale kuliko zote.

#12 Mkongo wa Mabatini

Ndugu yangu, umechanganya. Mfupa huo ni wa Ishango, na Ishango iko kwetu Kongo, pale mto Semliki unapotoka kwenye Ziwa Edward. Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950, na leo uko Brussels, kama vitu vyetu vingine. Hiyo miaka elfu nane ni makadirio ya zamani. Vipimo vya baadaye vikaupeleka kwenye miaka kama 20,000.

Mwishoni una kipande cha jiwe la kwatzi kimechomekwa. Mikato iko safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19, 9. Jumlisheni kila moja mtapata 60. Wengine wanasema ni namba tasa, mtu alikuwa anajua hisabati. Wengine wanasema ni kuhesabu siku za mwezi wa angani. Wengine wanasema ni mikato tu ya kushikia vizuri, mkono usiteleze.

Na waliokaa pale walikuwa wavuvi. Vyusa vyao vya mfupa vimechimbuliwa hapohapo pamoja na mifupa ya samaki. Kwa hiyo mimi najua ni nini: tajiri alikuwa anamwandikia kibarua siku alizokesha ziwani.

#13 Bismarck Rock

Nimesahihishwa, nimekubali. Ila tajiri gani wa kuandika siku za kibarua? Kibarua ndiye aliyeandika.

#14 Mkongo wa Mabatini

Hapo umenipiga.

#15 Kijana wa Nyegezi

Karanga zimeisha, sasa nichangie.

Vijiti havikuwa vya bibi zetu tu. Serikali ya Uingereza ilitunza madeni kwa vijiti miaka kama mia saba. Unachukua kijiti, unakata mikato ya kiasi cha fedha, mikato mipana kwa fedha nyingi, myembamba kwa kidogo. Halafu unakipasua katikati kwa urefu, kila nusu ikabaki na mikato ileile. Mkopeshaji anachukua nusu moja, mdaiwa nyingine. Siku ya kulipa mnaviunganisha. Ukiongeza mkato kwenye nusu yako, ya mwenzako itakuumbua. Nusu ya mkopeshaji ilikuwa ndefu zaidi, ikaitwa "stock", na hilo ndilo neno Waingereza wanalotumia kwa hisa hadi leo.

Mwisho wake ni kichekesho. Walipoacha kuvitumia, wakavichoma kwenye tanuri za bunge mwaka 1843 na bunge likaungua.

#16 Mzee wa Leja

1834, kijana. Tarehe 16 Oktoba. Umegeuza tarakimu. Kosa hilo la kugeuza tuliambiwa darasani: tofauti ya urari ikigawanyika kwa 9, tafuta namba zilizopinduliwa. 1843 toa 1834 ni ngapi?

#17 Kijana wa Nyegezi

Tisa. Shikamoo mzee.

#18 Mzee wa Leja

Marahaba.

#19 Ustadh Makoroboi

Assalaam alaykum. Mnazunguka Italia na Uingereza, na maneno yenyewe mnayotumia yanawaambia yalikotoka. Hesabu ni Kiarabu. Deni ni Kiarabu. Mizani, ambayo ndiyo mama wa mizania, vilevile. Hundi ni ya Wahindi. Daftari limepita kwa Waarabu na Waajemi, asili yake ni neno la Kigiriki la ngozi iliyoandikwa. Rasilimali ni ra's al-mal, kichwa cha mali. Hata Wazungu, neno lao la mtaji limetoka kwenye Kilatini cha "kichwa". Mataifa mawili, kichwa kimoja.

Na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni. Kuwe na mwandishi, kuwe na mashahidi, na msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Hiyo ni karne ya saba, Genoa bado. Mimi nasema uhasibu ulianza kama ushahidi. Mtu anaandika ili kesho asimdhulumu mwenzake na asidhulumiwe.

#20 Bandari Kusini

Ustadh, kwa hiyo kalkuleta nayo ni ya Kiarabu?

#21 Ustadh Makoroboi

Hiyo ni Kilatini. Maana yake kokoto. Warumi walihesabia kokoto. Nenda Kapripoint ukaokote yako, mawe yapo mengi.

#22 Bismarck Rock

Ustadh heshima yako, ila mimi nasema ni kodi. Angalieni Iraki ya kale, mji wa Uruk, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Vibao vya udongo vya kwanza kabisa vilivyoandikwa havina mashairi. Vina shayiri, kondoo, bia. Ghala la hekalu limepokea kiasi gani, limetoa kiasi gani. Kibao kimoja kinataja vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37, na mwisho kuna jina, Kushim. Wengine wanasema huyo ndiye mtu wa kwanza katika historia tunayemjua kwa jina. Siyo mfalme wala nabii. Ni mtunza stoo!

#23 CPA wa Mchongo

Au siyo mtu. Kuna wanaosema Kushim ni jina la cheo au la idara. Kama leo useme "imesainiwa na Stoo".

#24 Sangara Mkavu

Mnaniharibia. Nilikuwa nishaanza kumwita kijana wangu Kushim.

#25 Mama Karabai

Bismarck, kabla ya hivyo vibao waliwekaje?

#26 Bismarck Rock

Swali zuri. Walikuwa na vidude vya udongo vidogo, vingine kama gololi, vingine kama pia ya kuchezea, vingine kama visahani. Kila umbo na maana yake: hiki kipimo cha nafaka, hiki mnyama, hiki chupa ya mafuta. Vya zamani vina miaka kama 10,000. Mama mmoja mtafiti, Denise Schmandt-Besserat, ndiye aliyekaa makumbushoni akivifuatilia vitu ambavyo wenzake walivipita.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Ukisafirisha kondoo 7 na mchungaji, unaweka vidude 7 ndani ya bonge la udongo, unalifunga, unapiga muhuri, linakauka. Ni bahasha. Mchungaji akifika, mpokeaji anavunja, anahesabu. Lakini ukitaka kujua kilichomo kabla ya kuvunja? Ndipo wakaanza kubonyeza vile vidude juu ya bahasha ikiwa bado mbichi, kila kimoja kikaacha alama yake. Baada ya muda kuna mtu akajiuliza: kama alama ziko nje, vya ndani vya nini? Bonge likawa kibao bapa. Yeye anasema maandishi ya binadamu yalizaliwa hapo. Wapo wasiokubaliana naye moja kwa moja, ila hadithi ni tamu.

#27 Mama Karabai

Hiyo ya bahasha siyo kodi baba. Hapo kuna mtu katuma mzigo na hayupo.

Nitaeleza. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa Ukara, mimi niko Mwaloni. Analeta madebe kwa mtumbwi wa mtu. Kwenye kila safari anaweka njiti za kiberiti kwenye kifuko cha nailoni, kila debe njiti moja, anafunga fundo, anayeyusha fundo kwa moto. Ukilifungua lazima ulichane. Mwenye mtumbwi akifika na madebe 18, mimi nachana kifuko mbele yake nahesabu. Siku moja njiti 20, madebe 18. Akaapa kwa mama yake. Nikamwonyesha fundo. Yakapatikana mawili chini ya turubai.

Sikujua kama nafanya mambo ya Iraki.

#28 Kijana wa Nyegezi

Mama, umetisha.

#29 Mkongo wa Mabatini

Fundo la kuyeyusha kwa moto ndio muhuri. Uzi ungeishia hapa mimi ningelala vizuri.

#30 CPA wa Mchongo

Mama Karabai, nimeuelewa mzigo na nakuongezea wenzako. Mahali paitwapo Kanesh, Uturuki ya leo, vimechimbuliwa vibao vya udongo zaidi ya 20,000, zikiwemo barua, vya wafanyabiashara wa mji wa Ashur, Iraki ya leo, miaka kama 3,900 iliyopita. Waume wako Kanesh, wake wako nyumbani wanafuma nguo na kuzituma kwa punda. Barua za wanawake hao zimejaa hesabu: vitambaa vingapi nilikutumia, fedha ya kile cha mara iliyopita mbona hujaleta.

#31 Mama Karabai

Kumbe na wao walikuwa hawaleti.

#32 Ustadh Makoroboi

Na sheria ya Hammurabi, mfalme wa Babiloni, karibu miaka 3,750 iliyopita, inasema wakala akimrudishia tajiri fedha bila kuchukua hati yenye muhuri, fedha hiyo haiingizwi kwenye hesabu yake. Imekula kwake. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" siyo wimbo wa juzi.

#33 Bandari Kusini

Babiloni nao walikuwa wanaambiwa "mtandao wa mashine uko chini, pitia kesho"?

#34 Mzee wa Leja

Nimerudi. Nilikuwa nanywesha ng'ombe.

Mnabishana kodi, ushahidi, umbali. Ngoja niwape ya hapa kwetu, ambayo haihitaji kwenda Iraki.

Wazee wetu walilima pamba, mnunuzi ana mizani yake, anasoma yeye, anaandika yeye. Mkulima anaambiwa kilo, anapokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakulima wakachoka, wakaanza kuweka watu wao wa kupima upya. Humo ndimo vikatoka vikundi, na Paul Bomani akawa mbele, wakaunda umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la Victoria, VFCU. Tulipopata uhuru lilikuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Chimbuko lake ni nini? Mizani. Watu hawakuanza na siasa, walianza na kilo.

Baadaye ushirika wenyewe ukaanza kunung'unikiwa, Serikali ikaunda tume mwaka 1966, vyama vikafutwa 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Mimi niliingia vilipokuwa vinarudi, kwenye chama kimoja ambacho sikitaji, kituo cha kununulia kando ya barabara.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mizani ya kuning'iniza kwenye mti au boriti. Mkulima anatua mzigo, tunatenganisha pamba safi na pamba fifi, kila moja bei yake. Naandika stakabadhi, chini nimeweka kaboni, nakala tatu: ya mkulima, ya kituo, ya makao. Ukibonyeza kalamu kidogo, ya tatu haisomeki, ugomvi. Vidole vyangu vilikuwa buluu msimu mzima.

Mwisho wa msimu mmoja leja yangu ikasema kilo nilizonunua, kiwanda kikasema kilo zilizofika, pungufu zaidi ya 900. Mkubwa wangu akaniambia andika "kukauka". Pamba inakauka kweli, hilo silikatai, lakini haikauki kwa gari zima. Nikaandika. Upande mmoja ghala likapungua, upande wa pili ikaingia hasara ya kukauka. Urari ukakaa sawa hadi shilingi ya mwisho. Mkaguzi akapiga muhuri.

Nina watoto sita na wajukuu, na bado zile kilo naziona usiku.

#35 Sangara Mkavu

Mzee, pole. Nimesoma mara mbili.

#36 CPA wa Mchongo

Mzee wa Leja kasema kitu ambacho chuoni hukipati kwa lugha hiyo. Mfumo wa pande mbili unakamata aliyekosea. Aliyekusudia haumkamati, kwa sababu naye anajua kuandika mara mbili.

WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 2002, ni kukauka kwa pamba kwa suti. Gharama za kila siku za kupitisha simu kwenye mitandao ya wengine, wakaziandika kama mali ya kudumu. Ni kama Mama Karabai anunue mafuta ya karabai halafu aandike amenunua mtumbwi. Tangazo la kwanza tu lilikuwa dola bilioni 3.8. Mwaka mmoja kabla, Enron, kampuni ya nishati ya hukohuko. Wakaguzi wa zote mbili, Arthur Andersen, walikuwa kwenye wakubwa watano wa dunia, na kampuni ikasambaratika. Marekani ikatunga sheria kali mwaka huohuo wa 2002.

#37 Kijana wa Nyegezi

Na ukaguzi wenyewe kama taaluma ulianza lini? Nina mtihani.

#38 CPA wa Mchongo

Chama cha kwanza kupata hati ya malkia ni cha Edinburgh, Uskoti, 1854. Reli na viwanda vilikuwa vimeingia, mwenye hisa hamjui meneja na injini inachakaa kila siku, lazima mtu wa pembeni aje atazame. Kwetu bodi ya wahasibu imetokana na sheria ya 1972, na tangu 2004 tunafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Mengine kasome, siwezi kukufanyia mtihani.

#39 Bandari Kusini

Mmeruka kompyuta.

#40 Kijana wa Nyegezi

Hiyo naijua. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za ofisi za biashara ilikuwa ya kampuni ya migahawa ya chai Uingereza, Lyons, mwaka 1951. Ya chai! Walitaka kujua gharama za mikate na keki. Halafu 1979 ikaja VisiCalc, karatasi ya mistari na safu kwenye skrini, ukibadili namba moja zote zinajibadili. Kabla ya hapo ukikosea juu unafuta hadi chini. Sisi mashine za risiti zikaja 2010.

#41 Bismarck Rock

Na siku hizi simu imekuwa leja. Mama ntilie hana daftari ila ana meseji za miamala za miaka mitatu.

#42 Mama Karabai

Mpaka simu iingie ziwani. Yangu iliingia Februari, pamoja na madeni ya watu wanne. Wakajitokeza wawili tu kukumbuka.

#43 Ustadh Makoroboi

Hao wawili uwaombee dua.

Kuna jambo nilisahau. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha cha Florence kiliwakataza wanachama kuandika hesabu kwa tarakimu hizi tunazotumia, waandike za Kirumi. Sababu inayotajwa ni kwamba 0 ni rahisi kuigeuza 6 au 9 kwa mkia mmoja wa kalamu. Kwa hiyo hofu ya kughushi iko kotekote, kwenye kijiti, kwenye fundo, kwenye tarakimu.

#44 CPA wa Mchongo

Ila bila tarakimu hizo ungejumlishaje leja kwa haraka? Mimi nadhani hizo ndizo zilizoleta mfumo wa pande mbili.

#45 Mzee wa Leja

Hapana, mbona vitabu vya mwanzo vya Genoa viliandikwa kwa namba za Kirumi. Mawakala wa mbali ndio walioleta. Bosi yuko Florence, tawi liko Ufaransa, lazima kila upande uandike unavyomdai mwenzake.

#46 Bismarck Rock

Genoa walikuwa serikali, mzee, siyo duka. Kodi.

#47 Bandari Kusini

Tumerudi Uruk. Mleta uzi, njoo uchukue uzi wako.

#48 Kijana wa Nyegezi

Na kijiti je? Mimi nasema 7, 9, 6, 11 ni wachuuzi wanne, na mikato ni madebe. Ule mrefu ni aliyelipa kidogo.

#49 Mkongo wa Mabatini

Mrefu ni mwezi mwandamo. Dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala. Bibi aliweka alama siku za kutovua.

#50 Mama Karabai

Huyo kafa. Mimi napiga mstari, yeye alizungushia.

#51 Bismarck Rock

Kama ni wa Nansio, mkuu usikionyeshe hadharani. Babu yangu alikuwa mchuuzi huko na hakuwahi kuwa na sifa nzuri.

#52 Sangara Mkavu

Wakuu, nawashukuru wote, wabeja sana. Nimeleta mrejesho.

Kijana wangu kasoma uzi wote, jana kaniomba radhi. Kasema "mikato inayopasuliwa nusu mbili ni udhibiti wa ndani", nikamwambia sawa. Lakini kakishika kijiti akakigeuza, akauliza nusu nyingine iko wapi, maana upande wa nyuma ni bapa kama kimepasuliwa. Miaka yote sikuwahi kuona.

Nikampigia mama. Nikamuuliza mkato mrefu ni nini. Akacheka, akasema, "Kisu kiliteleza, akajikata kidole. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Nikampigia shangazi wa mama, aliye Bwisya. Akasema hapana, mama yako alikuwa mtoto, hajui. Ule ni mkato wa mtu aliyechukua dagaa akalipa mbuzi, na mbuzi mwenyewe akafa njiani.

Hizo nusu nyingine anasema walikuwa nazo wachuuzi.

#53 Mkongo wa Mabatini

Brussels wana maprofesa, wana darubini, wana mfupa. Shangazi hawana.

#54 Bismarck Rock

Mkuu, nimeenda kwa mama usiku huu, tumefungua sanduku la babu. Usicheke. Nakutumia picha faragha.